Antena nane hazimaanishi wateja wanane kwa mpigo

Wengi hapa Arusha huamini kwamba mnara wa simu wenye antena nane ungeweza kuhudumia watu wanane kwa pamoja, kila mmoja kwa kasi kamili, na kwamba kuwapanga kwa zamu ni uzembe. Sivyo.

Tufanye hesabu kwa kanuni ya mwanahisabati Claude Shannon ya mwaka 1948, inayoonyesha kikomo cha data ambayo mawimbi yanaweza kubeba. Mteja mmoja akipokea mawimbi yenye nguvu mara 15 ya kelele (vurugu za kawaida za redio), kila hezi, yaani kipimo cha upana wa masafa, hubeba biti 4 za data kwa sekunde. Wakihudumiwa wawili, nguvu ya mnara hugawanywa: 7.5 kwa kila mmoja. Antena zikifaulu kuzuia mawimbi ya huyu yasimfikie yule, jumla hufika takriban biti 6.2. Hiyo ni faida kubwa mno! Lakini yakimfikia kwa nguvu ileile, jumla huporomoka hadi 1.8. Hapo ni afadhali kila mmoja asubiri zamu yake.

Kwa hiyo kazi ngumu, na kwangu ndiyo inayopendeza zaidi, ni kuchagua nani aende na nani. Mteja wa Njiro na wa Sakina, walio pande tofauti za mnara wa katikati ya mji, kwa kawaida hutenganishwa kirahisi. Waliosimama bega kwa bega penye Mnara wa Saa hupewa zamu, ambazo katika 4G zinaweza kubadilika kila milisekunde 1. Antena zinazobaki hazikai bure: husaidia kukwepesha mawimbi yasiwavuruge wengine.