Kwa nini mbegu za saladi hugoma kuota Mombasa ilhali mchicha haubembelezwi?

Chukua pakiti mbili za mbegu kutoka agroveti yoyote ya Kongowea, moja ya mchicha na moja ya saladi, uziatike siku moja, katika beseni moja, kwa udongo na maji yaleyale. Ukifanya hivyo mwezi wa Februari kwenye roshani ya Kisauni au Mikindani, mchicha utatoboa udongo siku ya tatu au ya nne. Saladi itanyamaza. Wiki itapita, ya pili itapita, na mwishowe udongo utamwagwa na mwenyewe kusema ameuziwa mbegu mbovu, au kwamba hana mkono wa kupanda. Kauli hiyo ya pili huniuma kila niisikiapo, kwa sababu mara nyingi mbegu zile zilikuwa hai kabisa. Zilikataa kuota, na zilikuwa na sababu ya kukataa.

Je, wajua kwamba mbegu hupima joto kabla ya kuamka?

Ndani ya mbegu nyingi mna mmea mchanga uliokamilika, wenye mwanzo wa mzizi na mwanzo wa majani, uliokaushwa hadi karibu shughuli zote zikasimama. Ikipata maji, mbegu huyafyonza na kuvimba, na ndani ya saa chache huanza kupumua kwa nguvu. Wengi wetu hudhani kazi imekwisha hapo. Lakini maji ni kama kubisha hodi tu. Mwenye nyumba bado atachungulia dirishani kabla ya kufungua mlango. Kinachoamua ni mvutano wa homoni mbili. Asidi ya absisiki huizuia mbegu isiote, na jibereli huisukuma iote. Joto, mwanga na hewa ndivyo vinavyoipa nguvu moja dhidi ya nyingine.

Mbegu ya saladi ina utando mwembamba unaouzunguka mmea mchanga. Ili mzizi utoke, utando huo lazima ulegezwe kwanza. Joto likipita nyuzi 28 hadi 30 hivi, kutegemea aina ya saladi, homoni ya kuzuia hubaki juu, utando haulegei, na mzizi hushindwa kupenya. Sasa fikiria Mombasa wakati wa kaskazi. Mchana wa Februari na Machi joto la hewa hufika nyuzi 32 au 33, na udongo ulio ndani ya ndoo nyeusi inayopigwa na jua huwa na moto zaidi ya hapo. Hata usiku hakupoi sana.

Tabia hii ilitoka mbali. Saladi ina asili yake katika nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania na Asia ya magharibi, na Wamisri wa kale waliilima na kuichora kwenye kuta zao pamoja na mungu wao Min. Huko kiangazi ni cha joto na ukavu, na mvua huja na baridi. Mbegu iliyoota kwa manyunyu ya bahati katikati ya kiangazi ilikauka siku chache baadaye. Ile iliyongoja baridi ndiyo iliyozaa. Kwa hiyo mbegu ya saladi iliyokwama kwenye roshani yako haina kasoro hata kidogo: imepima joto, ikaamua kwamba hiki ni kiangazi, ikajihifadhi. Mchicha na jamaa zake ni wa nchi za joto, na joto hilohilo ndilo linaloukaribisha. Pilipili pia hufurahia nyuzi 25 hadi 30. Mtu wa Limuru, kwenye baridi ya bara, angetamani hewa yetu wakati wa kuziotesha.

Ukishajua hivyo, dawa ni nyepesi. Saa za mwanzo baada ya mbegu kulowana ndizo zenye uzito zaidi, basi atika jioni jua likishatua, usiatike asubuhi. Afadhali zaidi, tumia friji. Zitandaze mbegu juu ya tishu iliyolowa maji bila kutiririka, ikunje, iweke ndani ya kikopo chenye kifuniko, na uiache sehemu ya chini ya friji kwa siku tatu hivi. Friza haifai, barafu itaziua mbegu zilizokwisha kulowana. Kisha zipeleke kitaluni jioni, mahali penye kivuli, na uufunike udongo kwa gunia bichi lisiloziziba moja kwa moja. Kizuri kuliko hila zote ni majira yenyewe: Julai na Agosti, kusi ikivuma, mchana huwa kwenye nyuzi 28 hivi na usiku hushuka hadi karibu 21. Huo ndio msimu wa saladi kwetu.

Kuna jambo la pili ambalo saladi hulipima, nalo ni mwanga. Mwaka 1952 watafiti wa kituo cha kilimo cha Beltsville, Maryland, nchini Marekani, walichukua mbegu za saladi za aina ya Grand Rapids wakazimulika kwa mwanga mwekundu, zikaota. Walipofuatisha mwanga mwekundu wa mbali, ule ulio ukingoni mwa kuonekana kwa jicho, zikagoma. Wakaipokezanisha mianga hiyo miwili mara nyingi mfululizo, na kila mara mwanga uliotangulia haukuwa na neno. Mwanga wa mwisho ndio ulioamua. Hivyo ndivyo walivyofuata nyayo za fitokromu, rangi iliyomo ndani ya mimea inayofanya kazi ya jicho. Majani mabichi hunywa mwanga mwekundu na kuupitisha ule wa mbali, kwa hiyo mbegu iliyo chini ya mti hujua kwamba juu yake pana mwenzake aliyekwisha kushika nafasi.

Kwa anayeotesha nyumbani, maana yake ni kwamba mbegu ndogo za namna hii hazizikwi. Zinyunyize juu ya udongo uliolowana, uzikandamize kwa kiganja, basi. Kuchimba shimo la kina cha kidole ni kwa mahindi na kunde.

Halafu kuna maji yenyewe, na hapa Mombasa tuna shida yetu. Visima vingi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe na bahari iko jirani, kwa hiyo maji yake ni ya chumvi. Sabuni inakataa kutoa povu. Mbegu hufyonza maji kwa sababu ndani yake ni kavu kuliko nje. Maji yakiwa na chumvi nyingi mvuto huo hupungua, mbegu hukaa katikati ya maji ikibaki na kiu, na zile zitakazoota zitatoka zimedhoofu. Maji matamu ya mkokoteni yanauzwa ghali, najua, lakini kitalu cha beseni moja hakihitaji hata mtungi mzima kwa wiki. Tumia hayo hadi miche ipate majani manne. Ukitaka kuona chumvi inavyoogopwa na mimea, nenda kwenye hori ya Tudor uitazame mikoko. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti, ikanyonya kwa mama hadi iwe fimbo ndefu ya kijani, ndipo idondoke topeni. Imeepushwa kuanza maisha ndani ya maji ya bahari.

Papai lina kizuizi kingine. Ule utelezi unaoifunika kila mbegu una kemikali za kuizuia isiote ingali ndani ya tunda. Zisugue mbegu kwa mchanga hadi utelezi uishe, zioshe, zianike kivulini, na uzipe wiki mbili hadi nne.

Baada ya hayo yote, ziko mbegu zilizokufa kweli, na hewa yetu ya mvuke huziua upesi. Wataalamu wa hifadhi ya mbegu wana kanuni ya kukadiria: ukipunguza unyevu ndani ya mbegu kwa asilimia 1, au joto la mahali inapokaa kwa nyuzi 5 hivi, umri wake huongezeka karibu maradufu. Ndiyo maana mbegu ya mtende iliyokaa takriban miaka 2,000 katika ukavu wa Masada, karibu na Bahari ya Chumvi, iliota mwaka 2005, ilhali pakiti ya vitunguu iliyoachwa wazi kwenye kabati la jikoni huko Likoni huenda isifike mwaka. Itie kwenye chupa kavu, ifunge sawasawa, iweke friji.

Ili kujua kama saladi yako imelala au imekufa, hesabu mbegu kumi na uzifanyie ile kazi ya tishu na friji, kisha ziweke kwenye kona yenye baridi kuliko zote nyumbani, usiku. Zikitoa vijizizi vyeupe saba au zaidi, pakiti ni nzima na joto ndilo lililokuwa kikwazo. Zikilainika na kushika ukungu, irudishe dukani, na safari hii iangalie tarehe iliyopigwa nyuma ya pakiti kabla hujalipa.