Makoloni ya Uingereza huko Amerika yalikuwa mali ya nani?

Dhana: Makoloni yote 13 yaliasisiwa na mfalme na kutawaliwa naye tangu mwanzo.

Ukweli: London haikuwa tayari kutoa fedha zake. Virginia ilianzishwa mwaka 1607 na kampuni ya wenye hisa, na mfalme aliichukua mwaka 1624 baada ya kampuni kushindwa. Maryland alipewa mtu mmoja na warithi wake: Cecil Calvert, mwaka 1632. Malipo yake kwa mfalme yalikuwa mishale miwili ya wenyeji kila mwaka, ipelekwe kasri la Windsor wiki ya Pasaka, pamoja na sehemu ya tano ya dhahabu na fedha ikipatikana. Pennsylvania ilitokana na deni. Mfalme Charles II alidaiwa pauni 16,000 na baba wa William Penn, basi mwaka 1681 akamlipa William kwa ardhi, ardhi ambayo kwanza haikuwa yake.

Hata vita vya uhuru wa Marekani vilipoanza mwaka 1775, Pennsylvania, Delaware na Maryland zilikuwa bado mikononi mwa familia hizo mbili, Penn na Calvert. Connecticut na Rhode Island zilijichagulia magavana.

Dhana: Penn aliwalipa wenyeji, kwa hiyo ardhi ya Pennsylvania ilipatikana kwa haki.

Ukweli: William Penn mwenyewe alisifika kwa kununua. Wanawe ni habari nyingine. Walitoa karatasi waliyodai ni ya mwaka 1686, kwamba Walenape, wenyeji wa eneo hilo, walikubali kuachia eneo la umbali ambao mtu anaweza kutembea kwa siku moja na nusu. Walenape walitegemea mwendo wa kawaida, wa kupumzika na kula njiani. Septemba 1737 akina Penn wakaleta vijana watatu wenye mbio, na njia ilikuwa imeshafyekwa. Wawili walishindwa njiani. Edward Marshall akamaliza, takriban kilomita 100. Mimi huo nauita wizi wenye mhuri.

Dhana: Mlowezi akishanunua shamba, basi ni lake moja kwa moja.

Ukweli: Sehemu nyingi alidaiwa kodi ndogo kila mwaka na mwenye koloni au mfalme, na wengi waliikwepa. Akina Penn nao hawakutaka ardhi yao itozwe kodi, ndiyo maana mwaka 1757 bunge la Pennsylvania lilimtuma Benjamin Franklin London kuwashtaki.

Dhana: Gavana wa mfalme ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho.

Ukweli: Alikuwa na kura ya turufu, lakini katika makoloni mengi mshahara wake ulipitishwa na bunge la walowezi. Akiwaudhi, anasubiri.

Dhana: Palipo na hati ya kujitawala palikuwa na demokrasia, na uhuru ulipokuja hati hizo zilikufa.

Ukweli: Massachusetts, kuanzia mwaka 1631, haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa koloni ilikuwa ya wanaume waumini wa kanisa lao tu. Rhode Island iliendelea kutumia hati ya Charles II ya mwaka 1663 muda mrefu baada ya uhuru, na kura ilikuwa ya wenye ardhi. Wafanyakazi wa viwandani wasio na shamba walibaki nje, hadi waliokataa utaratibu huo wakashika silaha mwaka 1842. Katiba mpya ilianza kutumika mwaka uliofuata.