Tiba inayozingatia ushahidi si somo la kufanya utafiti

Ukiona tangazo la mafunzo ya "tiba inayozingatia ushahidi" kwa matabibu, soma ratiba kabla hujajiandikisha. Mara nyingi utakuta kuandika andiko la utafiti, kukokotoa ukubwa wa sampuli (idadi ya watu wa kuchunguzwa), kutumia programu ya kuchakata takwimu, na mwishoni namna ya kuchapisha makala. Masomo hayo ni mazuri na yanahitajika sana. Ila jina lililowekwa kwenye bango ni la kitu kingine.

Maana yenyewe haina makuu. Ni kuamua juu ya mgonjwa aliye mbele yako kwa kutumia ushahidi bora uliopo, pamoja na ujuzi wako wa kitabibu na yale ambayo mgonjwa mwenyewe anayajali. Daktari David Sackett na wenzake waliieleza karibu hivyo mwaka 1996, katika makala fupi iliyokusudia kusema dhana hii ni nini na si nini. Inaonekana kazi hiyo haijaisha.

Kilichosahaulika ni mahali jina lilipozaliwa. Sackett alikuwa ameanzisha idara ya epidemiolojia ya kliniki, yaani matumizi ya mbinu za kuchunguza magonjwa katika jamii kwenye utunzaji wa wagonjwa, katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 1967. Mwaka 1990 Gordon Guyatt alishika uongozi wa mafunzo ya madaktari wanaobobea katika magonjwa ya ndani chuoni hapo, akataka wajifunze kuzisoma tafiti kwa jicho kali. Mpango huo akauita kwanza "tiba ya kisayansi". Wenzake wakaja juu: kwani wao walikuwa wanatibu kwa ramli? Guyatt akatafuta jina jingine. Hilo tulilonalo lilichapishwa mwaka 1991, na mwaka uliofuata likatangazwa rasmi katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Angalia waliolengwa tangu mwanzo: madaktari wa wodini, wenye wagonjwa vitandani na muda mchache wa kusoma. Hakuna aliyewataka waende kukusanya data.

Ndiyo maana hatua zake ni hizi: uliza swali linalojibika, tafuta ushahidi, upime ubora wake, utumie, kisha jitathmini. Mtu anaweza kuzifuata hatua hizo maisha yake yote ya kazi bila kuandika andiko hata moja la utafiti, akawa hodari kweli kweli.

Chukua jaribio la tiba liitwalo FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi wapewe dripu nyingi kwa haraka, wengine wasipewe. Wengi walitarajia dripu iokoe maisha. Ndani ya saa 48 walifariki takriban asilimia 10.5 ya waliopewa, na asilimia 7.3 ya wasiopewa.

Mtafiti akikaa na matokeo haya huuliza ugawaji ulifichwaje ili asiwepo wa kuchagua nani aingie kundi gani, sampuli ilitosha, wangapi walipotea njiani bila kufuatiliwa hadi mwisho. Tabibu naye anapaswa kuyajua hayo, kwa kiasi cha kumwezesha kuamua kama ayaamini. Kisha ana maswali yake, na hapo ndipo mafunzo mengi hunyamaza. Tofauti hiyo ya takriban asilimia 3.2 maana yake ni nini wodini? Ni kifo kimoja cha ziada kwa kila watoto 30 hivi wanaotundikiwa dripu kwa namna ile. Je, mtoto niliye naye anafanana na wale? Jaribio halikuwachukua wenye kuharisha na kutapika, wala wenye utapiamlo mkali, na lilifanyika katika hospitali zisizo na huduma ya wagonjwa mahututi. Aliyeokota kichwa cha habari tu, kwamba dripu inaua, anaweza kumnyima maji mtoto aliyekaukiwa kwa kuharisha huku akijisifu kuwa anafuata ushahidi. Programu ya takwimu haitamwokoa na kosa hilo, hata aijue vipi.

Wapo wanaojibu kwamba huwezi kusoma utafiti vizuri kama hujawahi kuufanya. Pana chembe ya ukweli, maana aliyehangaika kuwafuatilia washiriki hupata shaka fulani akiona makala inayodai hakupotea hata mmoja. Lakini kinyume chake nacho kipo: mtafiti mzoefu, mwenye machapisho mengi, asiyejali kumuuliza mgonjwa kama yuko tayari kuvumilia madhara ya dawa kwa ajili ya faida ndogo. Huyo theluthi nzima ya dhana imempita.

Basi waandaaji, kama ratiba yenu ni ya andiko na sampuli, andikeni tu "mbinu za utafiti". Ni jina la heshima na watu watakuja. Mkilitaka lile jingine, saa ya kwanza mwiteni mshiriki mmoja asimulie mgonjwa aliyemwacha wodini, mlitengeneze swali lake hadi lijibike, kisha mkatafute jibu pamoja naye.