Urejeshaji wa Kiviktoria ni nini?

Makanisa mengi ya parokia nchini Uingereza yanaonekana ya Zama za Kati, kumbe sehemu kubwa ya yaliyomo ni ya enzi ya Malkia Victoria (1837–1901). Kazi iliyoyapa sura hiyo huitwa urejeshaji wa Kiviktoria, na si sawa na ukarabati. Mkarabati huziba paa linalovuja. Mrejeshaji alichagua kipindi kimoja alichokiona bora, mara nyingi Gothiki (mtindo wa ujenzi wenye matao yaliyochongoka) ya miaka ya 1300, akalifanya kanisa zima lifanane nacho, hata kama lilijengwa kidogo kidogo kwa karne kadhaa.

Chama cha wapenzi wa usanifu wa makanisa, Cambridge Camden Society, kilichoanzishwa 1839, kiliupa mtindo huu nguvu. Viti vya boksi vyenye vijilango viling'olewa, roshani za wanamuziki zikabomolewa, sakafu ya madhabahuni ikainuliwa na kutandikwa vigae, vingi vikitoka kiwanda cha Minton cha Stoke-on-Trent. Ukiinama utaona kwamba maua ya vigae hivyo hayakupakwa rangi: ni udongo wa rangi nyingine uliojazwa kwenye mchoro kabla ya kuchomwa, ndiyo maana hayafutiki upesi kwa nyayo.

Kutambua kazi ya mrejeshaji wa Kiviktoria, tazama madirisha. Yakifanana yote kama mapacha, kona kali, alama za patasi zimepangwa sawasawa, shuku karne ya 19.

Hasara kubwa zaidi ilikuwa kubandua plasta. Kuta za kale zilijengwa kwa mawe yasiyochongwa na chokaa, zikapigwa plasta na kuchorwa. Plasta ilipobanduliwa, michoro ikaenda nayo. Mwaka 1877 mpango wa msanifu majengo George Gilbert Scott wa kurejesha kanisa la Tewkesbury ulimkera msanii na mwandishi William Morris hata akaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale.

Kisha ikaja saruji kwenye maungio ya mawe. Chokaa hupitisha unyevu. Saruji huuzuia, hivyo maji hutokea kwenye jiwe lenyewe, chumvi huganda ndani, na uso wa jiwe hubanduka magamba. Mafundi wa nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Zanzibar, wanaujua ugonjwa huu. Saruji itolewe kwa patasi na nyundo, maana msumeno wa umeme hukata kingo za mawe. Maungio yajazwe chokaa na mchanga, yafunikwe magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa. Chokaa ikikauka haraka hugeuka unga.