Bolti za kuunganisha rimu ya vipande: kazi yake, na kwa nini huwekwa mpya

Bolti za kuunganisha ni zile bolti ndogo zilizopangwa duara kwenye uso wa rimu ya vipande. Zinashika vipande hivyo viwe rimu moja. Zisichanganywe na nati nne au tano zinazofunga gurudumu kwenye habu: hizo hufunguliwa kila tairi linapopata pancha, lakini za kuunganisha hazipaswi kuguswa mpaka rimu ibomolewe yote.

Rimu ya vipande vitatu ina uso wenye spoku, mdomo wa nje, na silinda ya ndani. Ya vipande viwili ina uso na silinda moja nzima. Mfano unaojulikana sana ni BBS RS ya mwaka 1983, kutoka kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa 1970 katika mji wa Schiltach. Rimu za namna hii huingia Afrika Mashariki pia, nyingine zikiwa tayari zimefungwa kwenye magari ya mitumba kutoka Japani. Nyingi zina umri wa miaka ishirini na zaidi, ndiyo maana suala la bolti hujitokeza pale mwenye rimu anapotaka ing'arishwe au ipakwe rangi upya.

Kabla ya kushika spana, hakikisha rimu ni ya vipande kweli. Zipo rimu za kipande kimoja zilizobandikwa vichwa vya bolti kwa urembo tu. Geuza rimu utazame mgongoni: bolti halisi hutokeza nyuma ikiwa na nati, au huingia kwenye tundu lenye nyuzi. Za urembo haziendi popote.

Watu wengi hudhani bolti hizi hufanya kazi kama vigingi, yaani zinazuia vipande visiteleze kwa unene wa chuma chake. Sivyo. Bolti ikikazwa hurefuka kidogo sana, na kwa kuwa inataka kurudi urefu wake wa mwanzo, inabana vipande pamoja kama mpira wa manati uliovutwa. Msuguano kati ya nyuso zilizobanwa ndio unaobeba breki, kona na mashimo ya barabarani. Mbano ukipungua, vipande huanza kucheza, bolti inapindwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka, na hapo ndipo inapokatika kwa uchovu wa chuma. Bolti iliyolegea hukatika mapema kuliko iliyokazwa sawasawa.

Chukua bolti ya M7, yaani yenye kipenyo cha mm 7, saizi ya kawaida kwenye rimu hizi, yenye uzi wa hatua ya mm 1. Ikikazwa kwa toki (nguvu ya kuzungusha spana) ya Nm 25 nyuzi zikiwa kavu, inabana kwa karibu kN 18, sawa na uzito wa tani 1.8. Rimu yenye bolti 32 inakuwa imebanwa kwa tani zaidi ya 55. Mkazo ndani ya chuma, yaani nguvu kwa kila eneo lake, ni kama MPa 620. Bolti ya daraja 8.8 (namba ya nguvu ya chuma chake) huanza kurefuka bila kurudi ikifika karibu MPa 640, kwa hiyo imebakiza kidogo sana. Ya 10.9 inafika MPa 900. Ndiyo sababu bolti ya mtaani yenye saizi sawa si mbadala wa ile ya rimu, hata ikiingia vizuri. Soma namba kichwani, na isiyo na namba iache dukani.

Bolti za chuma kisichoshika kutu zinapendwa kwa kung'aa, lakini zile za daraja A2-70 huanza kurefuka bila kurudi kwenye MPa 450. Kwa Nm 25 zimeshapita kiwango chake. Tena nyuzi zake hung'ang'aniana na nati, spana ya kupimia toki ikaonyesha namba nzuri wakati mbano haupo. Titani ni nyepesi na ina nguvu ya kutosha ikiwa ni ya Grade 5, ila nayo hung'ang'ania isipopakwa grisi maalumu, na kipimo chake cha kukaza ni cha mtengenezaji wake peke yake.

Kuhusu kupeleka bolti za zamani zikapakwa kromu upya: usifanye. Asidi na umeme wa kupaka huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, hasa cha daraja 12.9. Kama bolti hazikuokwa mara baada ya kupakwa, kwa saa kadhaa kwenye nyuzi joto kama 200 za Selsiasi, kichwa kinaweza kuruka siku mbili baada ya kukazwa, gari likiwa limeegeshwa. Nunua seti mpya iliyotengenezwa kwa kazi hii.

Kufungua huanza na upepo. Toa pini ya valvu, upepo uishe wote, kisha ondoa tairi kabisa kwenye rimu. Si kulipunguza upepo tu. Mafundi wa tairi za malori wanajua ringi ya kufungia inavyoweza kuruka, na hatari hapa ni ya familia hiyo hiyo. Baadhi ya Land Rover za jeshi la Uingereza zilikuwa na rimu za nusu mbili zilizofungwa kwa nati, na kufungua nati hizo tairi likiwa na upepo ni kujitafutia kifo.

Weka alama kwenye kila kipande kabla ya kukitenganisha, ili kirudi kwenye nafasi yake. Vichwa vingi vina pembe kumi na mbili, vingine vina tundu la nyota. Soketi ya pembe sita au ya saizi ya kukisia itavila vichwa. Kama bolti zilifungwa kwa gundi ya nyuzi, pasha kichwa kwa kipuliza joto, si kwa moto wa gesi: alumini ya rimu ikizidi nyuzi joto 200 kwa muda huanza kupoteza ugumu wake. Bolti ikikatika, itoboe katikati taratibu. Usiivute na kuipinda, maana tundu la alumini litaharibika kabla ya chuma.

Pima urefu kwa vernia, usipime kwa macho. Kama kuna nati nyuma, bolti ipite nati kwa uzi mmoja au miwili. Kama inaingia kwenye nyuzi za alumini, ishike angalau mara moja na nusu ya kipenyo, yaani mm 10.5 kwa M7, na ibakie nafasi chini ya tundu. Bolti ndefu kupita kiasi hugonga chini: toki inafika, vipande havijabanwa. Ukibadilisha mdomo kwa mwingine mnene zaidi, urefu wa zamani haufai tena.

Kosa linaloharibu rimu nyingi zilizofanyiwa ukarabati ni rangi. Bolti ya M7 inayobana unene wa mm 20 hurefuka takriban mm 0.06 tu ikikazwa kwa Nm 25. Tabaka la rangi ya unga inayookwa mara nyingi lina mm 0.06 hadi 0.12. Likiachwa chini ya vichwa, au kati ya uso na mdomo, husinyaa polepole kwa joto la breki na mtikisiko. Likisinyaa mm 0.03, karibu nusu ya mbano imekwenda, na hakuna bolti iliyozunguka hata kidogo. Kwa hiyo ziba nyuso za kukutana na mahali vichwa vya bolti vinapokaa kabla ya kupaka rangi, au zikwangue zibaki alumini tupu, bapa, bila uchafu wala silikoni ya zamani.

Oili kwenye nyuzi nayo inadanganya. Kwa Nm 25 zilezile, nyuzi zenye oili zinaweza kuvuta bolti ya M7 hadi karibu MPa 880, kutoka 620 za kavu. Kama maelekezo ya rimu yako yanataka nyuzi kavu, zisafishe ziwe kavu. Yakitaja gundi au grisi, fuata kipimo kinachokwenda nayo. Na Nm 25 hapa ni mfano wa hesabu; namba ya kutumia ni ya mtengenezaji wa rimu na ya bolti ulizonunua.

Kukaza: ingiza bolti zote kwa mkono kwanza, hata moja isigome. Kisha kaza zinazokabiliana, juu na chini, kushoto na kulia, kwa raundi tatu, mathalani Nm 10, 18, halafu 25. Ukizunguka duara moja kwa moja, mdomo unakaa upande. Bunduki ya upepo haina kazi hapa. Baada ya raundi ya mwisho zungusha rimu kwenye mashine ya balansi uone inavyoyumba. Ikizidi nusu milimita, legeza zote uanze upya badala ya kuongeza nguvu upande mmoja.

Silikoni hupakwa kwa ndani kwenye mshono wa vipande, baada ya bolti kukazwa, na iachwe siku nzima ikauke kabla ya tairi kuvalishwa. Jaza upepo, nyunyizia maji ya sabuni kwenye mshono na kuzunguka kila bolti. Povu likitoka, toa tairi, kwangua silikoni sehemu hiyo, paka upya. Mwisho chora mstari wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye uso wa rimu. Kwa bolti zilizowekwa gundi usirudi na spana baada ya kilomita 100 kujaribu tena, kwa sababu utavunja gundi iliyokwisha kushika; angalia mistari tu. Uliovunjika unaonyesha bolti imezunguka, na hiyo hubadilishwa, haikazwi tena.