Je, wajua? Kovu la BCG begani lilitukinga na korona?

Mwaka 2020, hapa Dodoma, hoja hii ulikuwa ukiisikia kila mahali: sisi tulichomwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, tungali wachanga, ndiyo maana korona haituui kama wanavyokufa Ulaya. Watu walipandisha mikono ya mashati wakaonyeshana kovu la bega la kulia.

Hoja ile ilikuwa na mzizi. BCG ilitengenezwa na Wafaransa Albert Calmette na Camille Guérin kutokana na bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe (wafugaji wa Bahi na Chamwino, mmesikia!). Kwa miaka 13 waliwaotesha bakteria hao maabara, wakiwahamisha chombo hadi chombo mara 230 hadi makali yakaisha, na mtoto wa kwanza akapewa mwaka 1921. Baadaye, Guinea-Bissau, ikaonekana kwamba vichanga wenye uzito mdogo waliochanjwa mapema walikufa wachache kuliko waliocheleweshewa, na kifua kikuu pekee hakiwezi kueleza tofauti hiyo. Watafiti wa Uholanzi wakagundua sababu mojawapo: baada ya BCG, askari wa mwanzo wa kinga, wale wanaopambana na kila mgeni, hubaki wamechangamka kwa miezi kadhaa.

Miezi, lakini. Wewe ulichanjwa miaka 30 iliyopita.

Ramani za mwaka ule, zilizolinganisha nchi zenye BCG na zisizo nayo, zilitudanganya kwa sababu nchi nyingi zinazochanja vichanga wote zina vijana wengi na vipimo vichache, ilhali korona iliwaua zaidi wazee. Kipimo cha haki ni kulinganisha watu wa nchi moja. Israeli ilichanja vichanga wote kuanzia 1955 hadi 1982. Waliopimwa kati ya wale waliozaliwa 1979 hadi 1981 walikutwa na virusi kwa asilimia 11.7, wa 1983 hadi 1985, asilimia 10.4. Kovu halikusaidia. Kisha wahudumu wa afya karibu 4,000 katika nchi tano wakachomwa BCG wakati wa korona, au maji ya chumvi tu ili walinganishwe. Matokeo ya 2023 yakaonyesha kuwa BCG haikuwapunguzia korona.

Kazi yake halisi ni kumkinga mtoto mdogo na kifua kikuu kinachopanda kwenye ubongo au kusambaa mwilini, na hiyo inaifanya vizuri. Mtu mzima kinga hiyo humpungukia sana. Kwa hiyo ukikohoa wiki mbili, hata kama kovu lako linaonekana wazi, nenda kituo cha afya ukapimwe makohozi. Ni bure.