Mashine Inapotoa Taarifa Kabla ya Kuharibika

Viwanda vingi hufanya matengenezo kwa kalenda. Saa zilizopangwa zikitimia, mashine husimamishwa, beringi hutolewa na mpya hufungwa, hata kama ya zamani ilikuwa nzima. Utaratibu huo unafaa kwa kifaa kinachochakaa kwa umri, na vifaa vya namna hiyo ni vichache kuliko tunavyodhani. Mwaka 1978 Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United Airlines waliiandikia Wizara ya Ulinzi ya Marekani ripoti iliyoonyesha kwamba asilimia 11 tu ya vipuri vya ndege walivyochunguza ndivyo vilivyokuwa na dalili za kuchakaa kwa umri. Vingine, kiasi cha asilimia 68, vilikuwa katika hatari kubwa zaidi vikiwa bado vipya. Ndege si kiwanda cha saruji, lakini fundi yeyote aliyewahi kufungua pampu nzima akaifunga ikaanza kuvuja anaelewa ripoti hiyo inasema nini.

Njia nyingine ni kuisikiliza mashine yenyewe. Mota yenye ncha nne za sumaku, ikitumia umeme wa hezi 50, huzunguka chini kidogo ya mara 1,500 kwa dakika, yaani karibu mara 25 kwa sekunde. Feni iliyofungwa kwenye mota hiyo ikikosa mizani, mtetemo hupanda kwa mdundo huohuo. Shafti za mota na pampu zikiwa hazikunyooka pamoja, mara nyingi mdundo unaopanda ni ule wa mara mbili yake. Beringi ikipata ufa kwenye njia ya gololi, kila gololi inayopita hapo hugonga, na idadi ya mapigo kwa sekunde hukokotolewa kutokana na mwendo wa shafti, idadi ya gololi na vipimo vya beringi.

Haya yote wataalamu wa mitetemo waliyajua miaka mingi kabla ya akili mnemba. Kilichobadilika ni kwamba sensa, yaani vifaa vidogo vya kupima joto au mtetemo wa mashine, zimekuwa rahisi kupatikana na zinatuma vipimo zenyewe kupitia mtandao, wakati fundi mwenye kipimo cha mkononi angeifikia kila mashine mara moja kwa mwezi, au asiifikie kabisa. Vipimo vikishakuwa vingi kiasi hicho, hakuna mtu wa kukaa kuvisoma. Hapo ndipo programu ya akili mnemba inapohitajika.

Lakini programu hiyo hujifunza nini? Wanunuzi wengi huamini kwamba inakuja ikiwa imeshajua magonjwa ya mashine zao. Kiwanda kinachotunzwa vizuri hakina mifano mingi ya mashine zilizoharibika, kwa hiyo mara nyingi programu hufundishwa hali ya uzima tu: joto, mtetemo na umeme unaotumika mzigo ukiwa mdogo na ukiwa mkubwa. Kitu kikitoka nje ya hapo, inatoa arifa. Haijui sababu. Malighafi mpya iliyo nzito zaidi inaweza kuizusha arifa hiyohiyo ambayo ingezushwa na giaboksi inayokufa.

Anayejua sababu ni fundi aliyefungua mashine, na hapa ndipo viwanda vinapopoteza utajiri wao. Kadi ya kazi inarudi ofisini ikiwa na neno moja: "Imerekebishwa." Kwa programu, hilo halina faida yoyote. Ingeandikwa kwamba beringi ya upande wa feni ilikuwa na ufa kwenye ringi ya nje, grisi ilikuwa imeingia maji, na saa ngapi mashine ilisimamishwa, vipimo vya wiki zilizotangulia vingepata jina, na arifa inayofuata ingekuwa na maana. Kwa maoni yangu, kiwanda chenye kadi mbovu kianze na kadi, sensa zifuate.

Kuhusu usalama, kirusi cha kompyuta cha Stuxnet kilichogunduliwa mwaka 2010 kiliharibu mashinepewa, yaani mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa, za kurutubisha urani za Iran huku waendeshaji wakionyeshwa vipimo vya kawaida vilivyorekodiwa awali. Mitambo hiyo haikuwa hata kwenye intaneti. Mtandao wa sensa utenganishwe na ule unaoendesha mitambo, na kinga za kuzima mashine kwa dharura zibaki zikijitegemea.

Si kila mashine inastahili sensa. Feni ndogo yenye mbadala wake pembeni iache izunguke mpaka ife. Anza na ile ambayo ikisimama, uzalishaji wote unasimama. Kabla ya kuwasha mfumo, uongozi uandike nani atapokea arifa saa nane za usiku, na kama msimamizi wa zamu ana mamlaka ya kuisimamisha mashine hiyo bila kwanza kumpigia meneja simu.